Maziwa Bila Mimba

Mwezi wa tatu bila kuona siku zangu, mama mkwe alinipima kiuno kwa futi yake ya kushonea. Mwezi wa nne akanipima tena. Kiuno kilikuwa kilekile.

"Mimba imejificha mgongoni," alisema. "Hata mumeo alinifanyia hivyo hivyo."

Mimi na yeye ni mafundi cherehani, chumba kimoja, vyerehani viwili vinavyotazamana. Ungedhani mtu aliyevaa futi shingoni miaka arobaini angeiamini. Wapi! Alikuwa keshafumua ubavu wa magauni yangu yote, ayapanue kwa ajili ya tumbo lisilokuwepo.

Kisha matiti yakatoa maziwa. Nyumba nzima ilishangilia. Nami sijifanyi mjanja, nililia kwa furaha. Miaka sita ya ndoa bila mtoto si mchezo, na neno "mgumba" nilikuwa nalisikia hata pale mama mkwe asipolitamka.

Kichwa kilipoanza kuniuma, ni mimba. Nilipoanza kujigonga mlangoni na kutoona mkasi uliokuwa kando ya mkono wangu, ni mimba pia.

"Hospitali ya nini, mwanangu?" mama mkwe aliniambia. " Mimba haitangazwi mapema. Watu wana vijicho."

Mwezi wa nane nilijishona kidole. Mume wangu akanipeleka hospitali bila kumuaga mama yake, naye akatufuata akihema.

Mimba haikuwepo, wala haikuwahi kuwepo. Daktari alisema kitezi kilicho chini ya ubongo kimeota uvimbe. Uvimbe huo unamwaga homoni ya maziwa kupita kiasi, na homoni hiyo ndiyo iliyozikata siku zangu. Sasa umekua hadi kubana mishipa ya macho.

"Dawa ipo, ni vidonge," alisema. "Lakini mngekuja siku zilipokatika tu, tungeyawahi macho. Uoni wa pembeni uliopotea huenda usirudi."

Nilitaka kuuliza nitashonaje. Mama mkwe akanitangulia.

"Akimeza hivyo vidonge, atazaa?"

"Siku zikirudi, inawezekana."

"Mungu mkubwa!" Akapiga makofi mle mle ofisini kwa daktari.

Nilimtafuta mume wangu, aliyekuwa amekaa kiti cha jirani, bega kwa bega nami. Ilinibidi nigeuze shingo yote ndipo nimwone. Naye alikuwa anatabasamu.