Miezi Sita Mchangani

Katika kitabu cha historia ya utumishi wa meli ile, kilichochapishwa ilipostaafishwa, miezi sita imepewa mstari mmoja tu: "Machi hadi Septemba: meli ilikuwa ufukweni kwa matengenezo." Kabla ya mstari huo kuna kurasa nzima za mazoezi ya kuteremsha vifaru, za wakimbizi elfu moja na mia mbili waliobebwa kwa safari moja, za wageni wa heshima waliopigiwa saluti. Serahangi alipofika kwenye mstari ule alivua miwani, akamtazama mkewe, akasema, "Matengenezo! Haya bwana."

Serahangi ndiye mkuu wa wanadeki. Kamba, minyororo, winchi na nanga zote ziko mikononi mwake. Huyu alikuwa ameitumikia meli ile miaka ishirini na miwili, akaijua kama mtu anavyojua nyumba aliyozaliwa. Ilikuwa meli ya kivita ya kutua ufukweni: tumbo bapa kama sinia, mlango mkubwa puani, na nyuma ya mlango daraja la chuma ambalo mabaharia waliliita ulimi. Kazi yake ni kuupanda mchanga kwa makusudi, kutoa ulimi, kutema magari na askari, kisha kujivuta kurudi majini. Na siri ya kurudi ni nanga ya nyuma. Meli ikiwa bado mbali na ufukwe, nanga hiyo inaachiwa, na waya wake unafunguka kadiri meli inavyosogea mbele. Kazi ikiisha, winchi inauvuta waya na meli inatoka kinyumenyume. Nanga ikiangushwa kwa kuchelewa, mmekwisha.

Machi ile mvua ilibomoa daraja la barabara kuu, na mji mmoja mdogo wa pwani ukabaki bila unga wala dawa. Meli ikatumwa na malori kumi na moja. Nahodha alikuwa mgeni, hajamaliza hata miezi miwili kwenye kiti chake, na alitaka kazi yake ya kwanza ionekane. Akachagua kutua maji yakiwa yamejaa kabisa, siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, tena lile bamvua kubwa kuliko yote ya nusu mwaka. "Nataka malori yashuke bila kulowesha tairi," alisema.

Breki ya winchi ya nyuma ilikuwa mbovu. Serahangi alikuwa ameiandikia ripoti mara tatu, na ripoti zote zilimezwa na makabati ya makao makuu. Asubuhi ile nahodha alimletea fomu ya utayari na kalamu juu yake.

"Breki imekaaje?"

"Inategemea imeamkaje, afande. Kuna siku inaachia, kuna siku inaganda."

"Leo itaachia. Tia saini, tukirudi tutaishughulikia."

Serahangi aliishika ile kalamu. Watu wa mjini walikuwa wanasubiri unga. Nahodha alikuwa anatazama saa. Akatia saini.

Breki iliganda. Amri ya kuangusha nanga ilipotolewa, serahangi alivuta mkono wa breki, haukusogea. Akaupiga nyundo, akaupiga tena, jasho likamwingia machoni, na huku meli inakwenda tu. Nanga ilipoanguka, ufukwe ulikuwa umeshafika. Malori yakashuka, tairi kavu kweli, na watu wakapiga makofi. Kisha winchi ikavuta waya, na nanga, iliyokuwa hatua thelathini tu nyuma yao, ikaja yenyewe kama mbwa aliyeitwa. Injini zikarudishwa nyuma kwa nguvu zote mpaka maji yakawa uji wa mchanga. Meli haikutikisika. Saa saba mchana bahari ilikuwa imejiendea zake, na wao wamekaa pakavu.

Kesho yake maji yalirudi, lakini pungufu ya kiganja. Siku iliyofuata, pungufu zaidi. Meli mbili za kuvuta zikaletwa, zikakata kamba nne, zikaondoka. Ofisa mmoja akafungua jedwali la maji kujaa na kupwa, akapitisha kidole chini, ukurasa baada ya ukurasa, akakisimamisha. Maji ya kimo kile yangerudi Septemba.

"Septemba ya mwaka huu?" mpishi aliuliza.

Ofisa akafunga jedwali.

Makao makuu yakatoa amri. Silaha zilikuwemo ndani, kwa hiyo meli haiwezi kuachwa. Watabaki mabaharia ishirini na sita. Hakuna likizo, hakuna kulala nje, hakuna kuvuka kamba iliyozungushwa mchangani mpaka meli ielee. Serahangi na nahodha walikuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu uchunguzi ulikuwa juu yao wawili.

Sasa sikia walivyoishi. Meli ililalia ubavu kidogo, basi supu ilikaa upande mmoja wa bakuli, na mtu akilala anaamka kabanwa ukutani. Injini haziwezi kufanya kazi bila maji ya kuzipoza, na maji yalikuwa hayapo. Jenereta moja likawashwa saa mbili kwa siku kwa kulimwagia maji ya mpira wa zimamoto. Bila feni, vyumba vya chuma vilikuwa tanuri. Vyoo vilifanya kazi bahari ikitaka. Mchanga uliingia kwenye vitanda, kwenye mkate, kwenye meno. Na nje, hatua arobaini kutoka puani, watu wa mjini walikuwa wanapita na shughuli zao. Walikwishaizoea meli, wakaipa jina: Ghorofa. "Tukutane hapo nyuma ya Ghorofa," walisikika wakiambiana kwenye simu.

Hilo ndilo lililomkereketa serahangi kuliko joto. Angekuwa katikati ya bahari, angevumilia, ndiyo kazi. Lakini alikuwa anaiona stendi ya mabasi kutoka dekini. Aliona basi la saa sita, lile linalokwenda kwao, likijaza watu na kuondoka, kila siku ya Mungu.

Na Juni binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa.

Aliomba ruhusa ya siku tatu. Nahodha alimpokea chumbani kwake, shati limemganda mgongoni, sahani ya chakula haijaguswa mezani. Walikuwa wanakula meza moja tangu Machi bila kusemeshana zaidi ya "nipe chumvi".

"Ningekuruhusu," nahodha alisema, "lakini si yangu kukuruhusu. Na ukiondoka watasema umetoroka. Ukitoroka, lile kosa la breki litakuwa lako peke yako."

"Kwani sasa hivi ni la nani, afande?"

Nahodha akageukia dirisha. "Hilo ndilo wanalochunguza."

Siku moja kabla ya harusi, serahangi alivaa shati la nyumbani, akatia suti kwenye mfuko, akashuka ulimi adhuhuri kweupe. Zamu ya lango ilikuwa ya baharia mmoja waliyemwita Baba Pacha, kwa kuwa mkewe alijifungua mapacha Aprili na yeye hajawatia machoni ila kwenye simu. Baba Pacha aliutazama mfuko, akaitazama suti inayochungulia, akageuza uso kuelekea baharini.

"Serahangi, mimi sijakuona," alisema.

Alivuka kamba. Alifika stendi, akapanda basi, akapata kiti cha dirishani. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Serahangi alifumba macho, na badala ya kumwona binti yake amevaa shela, alimwona Baba Pacha amesimama mbele ya maofisa watatu, anaulizwa: ulikuwa zamu, mtu kapita, ulikuwa wapi? Kwa kosa hilo mtu anafungwa. Mapacha wangekuwa wanatembea kabla baba yao hajawabeba.

"Nishushe," alimwambia kondakta.

"Mzee, si ndiyo kwanza umepanda?"

"Nishushe, ndugu yangu."

Alirudi na suti yake. Baba Pacha alipomwona, machozi yalimlengalenga. Kesho yake mdogo wake serahangi alisimama mahali pake, akamkabidhi binti kwa mumewe, na mtu fulani akashika simu juu ili baba mtu asikie. Alisikia vigelegele, akasikia kiti kinavutwa, sauti ya mkewe ikisema "inua, inua zaidi", kisha mtandao ukakata. Binti alimpigia jioni.

"Baba, meli yenyewe haina hata maji. Unashindwaje kutoka?"

Alisema, "Hongera, mwanangu," naye binti akakata simu.

Wiki tatu binti hakupiga wala hakupokea. Mkewe serahangi ndiye aliyekuwa akileta habari: wamehamia, wamenunua jiko, bado amenuna. Kisha Julai, asubuhi ya Jumamosi, mlinzi alipiga kelele kutoka langoni kuwa serahangi ana wageni. Binti amekuja, na mumewe kando yake, kijana mrefu anayeshika kofia kwa mikono miwili kama yuko ofisini kwa mtu.

Hawakuruhusiwa kuingia, naye hakuruhusiwa kutoka. Wakasimama, kamba kati yao. Binti alinyanyua uso akaitazama meli kuanzia puani hadi mlingotini, namna ilivyoegemea upande, kutu inayotiririka ubavuni, nguo za mabaharia zimeanikwa kwenye mizinga.

"Mimi nilidhani unanidanganya," alisema taratibu. "Nilidhani mtu akitaka anatoka tu."

"Nilitoka. Nilifika mpaka kwenye basi." Akamweleza habari ya Baba Pacha.

Mumewe akajifanya anatazama ndege. Kisha binti akauliza lile ambalo maofisa walikuwa wameliuliza kwa maneno marefu miezi minne: "Baba, ni kosa lako?"

Kwa maofisa alikuwa amejibu kuwa breki ilikuwa mbovu na ripoti zipo. Ni kweli, zilikuwepo. Sasa alifungua mdomo aseme hivyo hivyo, akaacha.

"Nilijua ni mbovu," alisema. "Nikatia saini kuwa ni nzima. Niliambiwa nitie, lakini mkono ulikuwa wangu."

"Umewaambia?"

"Nikiwaambia, cheo kimekwenda."

"Na usipowaambia?"

Binti aliinama chini ya kamba, mbele ya mlinzi, akamkumbatia baba yake hesabu ya kumi, kumi na tano, na mlinzi akaona ni wakati mzuri wa kufunga kamba za viatu.

Alasiri ile serahangi aliandika ukurasa mmoja. Aliandika kuhusu ripoti tatu, kuhusu fomu, kuhusu kalamu, na kuhusu maneno ya nahodha kama yalivyosemwa. Akampelekea nahodha mwenyewe, maana barua zote lazima zipitie kwake. Nahodha aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

"Unajua hii inanimaliza."

"Inatumaliza wote, afande."

"Naweza kuichana."

"Unaweza. Nitaandika nyingine. Muda tunao."

Nahodha alicheka bila kutaka, kicheko kifupi kikavu, cha kwanza tangu Machi. Hakusema ataituma, hakusema hataituma. Serahangi akatoka hajui, akaishi na kutojua huko Agosti nzima. Alijitia kazini. Alifungua breki yote, kipande kwa kipande, akaisugua kutu, akatengeneza upya viatu vya breki, vile vya kubania gurudumu, kwa bitana za lori bovu aliloombewa mjini. Kazi ya wiki moja na nusu. Kazi ambayo, alijiambia kila alipokaza nati, ingeweza kufanyika Februari.

Septemba walichimba. Mabaharia ishirini na sita na tingatinga mbili za mji walikata mfereji kutoka tezi, huko nyuma ya meli, hadi kwenye kina. Wakaipakia nanga kwenye mashua, wakaipeleka nje hatua mia tatu, wakaiangusha. Siku yenyewe maji yalianza kupanda saa kumi na moja asubuhi. Saa nne yalikuwa yamefika kiunoni mwa meli. Mji mzima ulikuwa ufukweni. Serahangi alisimama kwenye winchi, mkono kwenye breki, akimsubiri nahodha.

"Vuta!"

Waya ulikaza, ukalia kama zeze. Hakuna kilichotokea. Dakika kumi. Robo saa. Maji yalikuwa yamebakiza kidogo kufika kilele, na yakifika yangeanza kushuka, na hapo ni Machi nyingine. Mpishi alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa jiko. Ndipo serahangi akasikia nyayoni mwake kitu kama mtu anayegeuka usingizini. Deki ilijinyoosha. Vikombe vilivyokuwa vimeegemea upande mmoja miezi sita vikaporomoka kule chini, vikavunjika, na watu wakashangilia kila kilichovunjika. Meli ikatoka kinyumenyume, taratibu, mchanga ukiifuata kama moshi.

Nahodha alimwita juu siku ya pili ya safari. Hakugeuka kumtazama. "Barua yako niliituma Julai," alisema. "Siku ile ile. Nilishindwa tu kukuambia."

Baraza la uchunguzi lilikaa siku moja. Nahodha aliondolewa melini akapewa dawati. Serahangi alishushwa cheo, akahamishiwa ghala la kamba, na huko ndiko alikostaafia. Alisikia hukumu akiwa amesimama wima.

Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa binti yake. Wakwe walikuwapo, wamepangwa kwenye makochi, baba mkwe, mama mkwe, shangazi wawili. Binti alimkalisha katikati, akambana kwa mito, akawasha televisheni.

"Una urefu wa saa nne na nusu, baba," alisema akiweka mkanda wa harusi. "Na hutoki hapo mpaka uishe."

Alimwona mdogo wake akiingia na suti iliyombana tumboni, akimshika bwana harusi mkono kwa mbwembwe zisizo na maana. Shangazi mmoja akaanza kueleza nani ni nani. Serahangi aliomba maji, akaambiwa yanakuja, akaegemea mito, akatazama.