Wapagazi wa Duara Kuu

Alasiri ile Nyamizi alikuwa barazani kwake, mtaa wa Cheyo, akichuja asali ya Sikonge kwa kitambaa cha shashi, Luhende alipopita mbele ya nyumba mbio, pembe ya ndovu begani, bila kusimama kunywa maji.

Nyamizi aliweka sufuria chini. Luhende alikuwa babu wa babu yake. Alifariki zama za misafara, mahali fulani upande wa Malagarasi, chini ya pembe hiyohiyo, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia atue mzigo, aliendelea na safari. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, alipita Tabora pamoja na wenzake, wengine wakielekea pwani na pembe, wengine wakitoka pwani kwenda Ujiji na mitumba ya nguo na shanga. Watu wa mji walikwisha kuwazoea. Bodaboda waliwapisha. Akina mama waliwawekea ndoo za maji barazani. Luhende alipenda maji yaliyokorogwa asali. Aliyanywa wima, akaitikia salamu, akauliza kama mvua zilikuwa nzuri, akashika njia.

"Kapita?" Julieth, binti wa Nyamizi, aliuliza kutoka ndani.

"Kapita. Hajasimama."

"Labda kachelewa."

Asali haijamalizika kuchujika, Luhende akapita tena, akitokea upande uleule aliotokea mwanzo. Jasho lilimtiririka. Marehemu kutoka jasho ni jambo la kawaida kiangazi, lakini jicho alilomtupia Nyamizi lilikuwa la mtu aliyetaka kusema neno, miguu ikamkatalia.

Chanzo kilikuwa vigingi. Mradi wa Duara Kuu ulikuwa umeamua kujenga Tabora mtambo wa kugonganisha chembe. Ungechimbwa mtaro wa mviringo chini ya ardhi, na ndani yake chembe ndogo kuliko vumbi zingekimbizwa pande mbili zinazokabiliana, mbio zikaribiane na za mwanga, kisha zigonganishwe uso kwa uso ili wataalamu waone zimebeba nini tumboni. Sumaku za kuzikimbiza zilikuwa hazijaagizwa. Mtaro ulikuwa haujachimbwa. Vilivyokuwepo ni vigingi vyeupe vilivyozunguka kutoka Cheyo hadi Chemchem na kurudi, pamoja na bango lenye picha ya watu wanaotabasamu.

Njia ya zamani ya misafara ilipita katikati ya duara hilo. Wapagazi humfuata kirangozi, mtangulizi wa msafara, kirangozi hufuata njia, na njia ilipofika kwenye vigingi ikapinda navyo. Wa pwani wakapinda kulia, wa Ujiji wakapinda kushoto, na tangu hapo hakuna aliyetoka. Walizunguka. Kwa kuwa duara halina mwisho wa kutazamia, kila mzunguko waliongeza mwendo wakidhani wanakaribia kufika.

Mradi ulifurahi sana. Ulikuwa umepata chembe kabla ya kupata mtambo.

Mgongano wa kwanza ulitokea Chemchem, nyuma ya bomba la maji lisilotoa maji. Vikundi viwili vilikutana vifua kwa vifua, na kilichoruka pale ni konzi ya shanga za buluu, kikohozi kikavu, na neno "mayu", yaani mama, lililobaki likielea hewani mpaka adhana ya magharibi. Wapagazi waliinuka, wakajitwisha, wakaendelea. Dakta Silasi, mkurugenzi wa mradi, alilitangaza neno lile kuwa chembe mpya na kulipa jina la mfadhili. Mgongano uliofuata ulitoa harufu ya tumbaku mbichi, na jina la msichana wa Igunga aliyeahidiwa kuolewa mpagazi akirudi. Hilo lilihifadhiwa kwa ajili ya mgeni rasmi, ambaye alikuwa bado hajapatikana.

Nyamizi alijifunga kanga ya kutokea, akaenda ofisini kwa mradi.

"Shikamoo, mama," alisema Dakta Silasi, akimvutia kiti. Alikuwa mtu wa adabu.

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa habari ya babu yangu. Tangu vigingi vipigiliwe hajanywa maji."

"Ni yupi?"

"Mwenye pembe iliyopasuka nchani."

Dakta alimkumbuka. Alisema ni chembe nzuri, thabiti, haijapata kuyumba. Kisha akaongeza kwa upole, "Lakini mama, yule si ni marehemu?"

"Najua ni marehemu. Nimesema ana kiu."

Dakta alikubali kwamba hoja ilikuwa na uzito. Nyamizi akaomba wapunguziwe mwendo, walau jioni, watu wapate kunywa. Hapo Dakta alikunjua ramani mezani na kumweleza kwamba kupunguza mwendo hakumo kwenye mpango. Kilichomo ni kuongeza. Duara hili lilikuwa Awamu ya Kwanza. Awamu ya Pili ingefika Sikonge. Awamu ya Tatu ingezunguka Nzega na Igunga. Awamu ya Nne ilivuka ukingo wa karatasi, na mchoraji alikuwa ameimalizia kwa chaki juu ya meza.

"Sasa mnaboresha nini, na la kwanza halijajengwa?" aliuliza Nyamizi.

"Ndiyo maana linahitaji kuboreshwa, mama."

Alimpa soda, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Nyamizi hakwenda nyumbani. Alikwenda mjini kwa mzee Hilali, aliyekuwa na duka la vitambaa kwenye nyumba ya ukoo wake, yenye milango ya kuchongwa iliyoliwa na mchwa. Babu wa baba yake Hilali alikuwa mwenye misafara. Alama ya ukoo ilikuwa imechomwa kwa chuma cha moto kwenye shina la pembe ya Luhende, na Hilali aliijua vizuri, maana kila kiangazi wapagazi walipopita alifunga duka mapema, akakaa nyuma ya dirisha na kuwatazama kwa upenyo. Hakuwahi kuwawekea ndoo. Si kwa uchoyo. Hakujua angewaambia nini wakimtazama.

"Mwenye mzigo ndiye mwenye kusema tua," alisema Nyamizi.

"Mwenye mzigo alikwisha kufa, dada yangu."

"Na mbebaji kafa. Hapo wako sawasawa. Aliyebaki ni mrithi."

Hilali alikunja kitambaa alichokuwa amekishika, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akatafuta kofia yake.

Walisimama kando ya vigingi jua likielekea kushuka. Luhende alitokea kwenye kona ya Chemchem, na Hilali akapaaza sauti, "Tua!" Neno lilitoka vizuri, lakini lilipofika pale sikio la Luhende lilipokuwa, sikio lilikwisha kupita. Lilimpata mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa akileta magunia ya mkaa kutoka Sikonge. Alishuka, akatua magunia, akajilaza pembeni na kulala usingizi mzito, wa kwanza tangu aoe. Hilali alijaribu mpaka sauti ikamkauka. Wakati wanaondoka, kandokando ya barabara ile watu kadhaa walikuwa wamelala, na mbuzi mmoja.

Nafasi waliipata mradi ulipozindua uboreshaji. Mgeni rasmi alikuwa amepatikana, na kwa desturi za kitaalamu mtambo haupanuliwi ukiwa unazunguka. Ilibidi usimamishwe kutwa nzima. Mafundi waling'oa kigingi kimoja, na wapagazi wote, wa kulia na wa kushoto, wakasimama walipokuwa, mizigo begani, wakihema.

Mahema yalisimikwa. Viti vya plastiki vilipangwa. Wanafunzi wa shule walikuja kuimba wimbo kuhusu chembe. Akina mama wa Cheyo walipita katikati ya wapagazi na ndoo na vikombe, na kwa muda mrefu hakukusikika kitu ila watu wakimeza maji.

Luhende alikuwa karibu na jukwaa. Nyamizi alimshikia kikombe.

"Mwadila, guku," alimwamkia kwa Kinyamwezi, kama mjukuu amwamkiavyo babu.

"Mwadila, mjukuu wangu. Mvua zilikuwa nzuri?"

"Zilikuwa za hivihivi."

Hilali alisogea. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Alimtazama Luhende usoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema taratibu, kama mtu anayemwomba mwenziwe radhi msikitini, "Mzee wangu, tua."

Luhende akatua. Pembe iligusa ardhi, na vikombe vikacheza kwenye meza ya mgeni rasmi. Begani pake palikuwa na mfereji ambao ungeweza kulaza mkono wa mtoto. Alijinyoosha, lakini upande mmoja ulikataa kupanda.

Wenzake walikuwa wameona. Hawakupiga kelele. Waligeuza shingo tu, mizigo ikiwa bado juu yao, na mmoja mwenye mtumba wa kitambaa cha marekani akauliza, "Na sisi?"

Hilali alilia. "Tueni! Tueni nyote!"

Walimtazama kwa heshima. "Wewe siye mwenye mzigo huu, bwana," alisema yule wa mtumba.

Ilikuwa kweli. Mizigo mingine ilikuwa ya nyumba za biashara za ng'ambo zilizokwisha kubadili majina, na ya watu ambao wajukuu wao hawakujua kuna kitu kiitwacho Tabora. Nyamizi akamfuata Dakta Silasi jukwaani, akamwambia kwamba sasa wapagazi wako kwenye duara lake, wanazunguka kwa faida yake, basi mwenye mzigo ni yeye na aseme neno.

Dakta alilifikiria kwa dhati. Alisema binafsi hana pingamizi. Ila neno kama hilo lina athari za kisera, na mamlaka ya kulitamka iko kwa kamati elekezi, ambayo ingekaa baada ya Awamu ya Tatu.

"Wakati huo watakuwa wapi?"

"Watakuwa Nzega, mama. Wakienda kwa kasi nzuri sana."

Mgeni rasmi alihutubia. Alisema taifa haliwezi kubaki nyuma wakati wengine wanagonganisha. Alikabidhiwa jina la msichana wa Igunga kwenye fremu ya kioo, akaliinua juu, watu wakapiga makofi. Kisha akakata utepe, kigingi kikarudishwa, vigingi vipya vikaonyeshwa mwelekeo wa Sikonge, na wapagazi wakaondoka kwa vumbi. Pembe ilibaki pale ilipotuliwa. Mlinzi aliizungushia kamba na kueleza kwamba ni mali ya mradi.

Luhende alikwenda kukaa kwa Nyamizi. Alipewa kigoda barazani. Alikaa amelalia upande mmoja, akanywa maji ya asali, akatazama bodaboda zikipita.

"Safari imefika?" aliuliza.

"Imefika, guku."

"Hapa ni pwani?"

"Hapa ni Cheyo."

Luhende alitafakari. "Basi haijafika," alisema, lakini hakuinuka. Hilali alizoea kuja alasiri na kahawa na kukaa naye. Siku moja Hilali alimletea shati la kitambaa kizuri, alilolishona bega moja chini kuliko jingine, na Luhende akalivaa.

Huko kwenye duara, pengo la mtu mmoja lilileta taabu. Msafara ulichechemea, migongano ikakosea shabaha, na kwa siku kadhaa hakuna kitu kilichoruka ila vumbi la kawaida. Mradi ukabandika tangazo kwenye bango la watu wanaotabasamu. Ulitaka Msaidizi wa Chembe, awe na stashahada au zaidi, mwenye kujituma, awezaye kufanya kazi bila kusimamiwa.

Asubuhi ya usaili Nyamizi alimkuta Julieth akipiga pasi blauzi nyeupe. Julieth alikuwa na stashahada ya uhasibu, na tangu aipate alikuwa amefanya kazi ya kuiandikia barua za maombi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye usaili."

"Kazi yenyewe unaijua?"

"Naijua, mama. Ina bima ya afya."

"Julieth. Umemwona babu yako alivyo."

"Nimemwona." Aliizima pasi na kuisimamisha. "Nimeona pia kwamba ni ya kudumu. Ajira za kudumu siku hizi ziko wapi?"

Nyamizi akachukua blauzi akamnyooshea kola.

Mstari ulianza kwenye vigingi, ukapita Chemchem, ukapotelea upande wa stesheni. Walikuwamo walimu wasio na shule, wauguzi wasio na zahanati, na yule wa baiskeli ya mkaa, aliyekuwa ameazima cheti. Kila mmoja alikuwa na mkoba wa vyeti begani. Wapagazi walipopita kwa kasi, wenye mstari waliwapisha kwa heshima inayowastahili watu walio kazini.

Luhende alikuja taratibu akiburuta upande wake. Nyamizi alidhani amekuja kuwatawanya, na moyo wake ukapata nguvu. Luhende alipita mstari mzima akiwatazama, akiminya bega la huyu na la yule kwa kidole gumba, kama mtu anayepima boga. Alipofika kwa Julieth alisimama. Aliuweka mkono wake kwenye bega la mjukuu wake, akalikandamiza, akatikisa kichwa.

"Laini hili," alisema. Kisha akapaaza sauti, maana aliona wote ni wageni wa kazi na hakuna aliyewafundisha. "Anzeni na la kushoto. La kulia litunzeni kwa ajili ya kurudi."

Mstari mzima, toka kwenye vigingi mpaka stesheni, ukahamishia mikoba bega la kushoto.