Kamba ya Shemeji

Saa kumi na nusu alasiri, siku ya nane tangu Shemeji azikwe, kamba yake iliyoning'inia nyuma ya mlango ilijinyoosha, ikaanza kuvuta. Mama Simu aliacha viazi alivyokuwa akimenya, akanawa mikono, akavaa raba. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yao ya kutembea, na Shemeji hakuwa mbwa wa kuchelewa.

Jina hilo alipewa na marehemu mume wa Mama Simu, kwa kuwa alikuja kutembea siku moja akakaa miaka tisa. Mama Simu mwenyewe alipokea simu za hospitali miaka thelathini. Siku hizi ya kwake hulia mtu akikosea namba. Tangu mumewe afariki, aliyebaki wa kuzungumza naye ni huyo mbwa. Upweke wa namna hiyo, jamani, omba usikufike.

Bwawa lilikuwa nyuma ya maghorofa. Kila magugu yakilitanda, idara ya manispaa ilileta dawa ya kuyaua. Mpiga dawa alikuja Jumanne. Mwenye vibao alikuja Alhamisi, maana ndiyo zamu yake, akachomeka kibao cha kuonya kwamba wanyama wasinywe maji hayo kwa siku tatu. Shemeji alikunywa Jumanne jioni, akafa Jumatano.

Mama Simu alikwenda idarani. Hakuomba makubwa: kibao kitangulie dawa, asife mwingine.

"Mbona kibao kilikuwepo, mama," alisema karani.

"Kiliwekwa Alhamisi, mwanangu."

"Lakini kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Basi." Karani alifunga faili, akamkumbusha kwa upole kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Kamba ilitangulia mbele yake ikielea usawa wa goti, na kwenye kila nguzo ya taa ikasimama kwa muda wake. Mlinzi wa getini aliitazama ikipita. "Leo ana haraka," alisema, akarudi kwenye redio yake.

Siku za kawaida walizunguka bwawa lote. Bwawa likiwa limepigwa dawa, kamba ilifika mwanzo wa njia ikagoma, ikamgeuza Mama Simu hadi nyumbani, na ikafanya hivyo siku tatu mfululizo. Wenye mbwa na paka wakajifunza. Saa kumi na nusu walisogeza pazia, wakamtazama kama mtu anavyotazama mawingu kabla ya kuanika nguo. Akigeuka, wakafungia wanyama wao ndani. Miezi mitano hakufa hata paka. Hakuna aliyeshuka kumwamkia, na hilo lilimuuma.

Idara ilipopata habari, ilimhamisha mwenye vibao. Karani aliandika kwenye faili: "Mama yupo."

Kisha Mama Simu akaugua homa, akashindwa kuinuka kitandani. Ilikuwa Jumanne, na mpiga dawa alikuwa amekuja. Kamba ilivuta mpaka msumari wake ukalegea mlangoni. Alipiga simu idarani mara sita, ikaita tu. Zama zake, simu ikiita mara tatu haijapokelewa, ulikuwa ukipewa barua ya onyo.

Wiki moja baadaye mlango wake uligongwa. Alikuwa muuguzi wa ghorofa ya pili, bado kwenye sare ya kazi, ameshika kwa mikono miwili kamba nyekundu iliyokuwa ikimvuta kuelekea ngazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wako pia?"

"Nilichungulia dirishani. Sikukuona ukigeuka, nikajua ni salama, nikamwachia atoke."

"Nilikuwa na homa."

"Na mimi muuguzi, nakaa hapo chini tu, wala sikupanda kukuangalia." Akaanza kulia.

Mama Simu alimshika bega, akavaa raba zake. Wakatembea pamoja, kamba mbili zikitangulia, wakazungumza habari za wodi, za mbwa na za bei ya raba. Alifurahi kupata mwenzake, na furaha yenyewe akaionea haya, maana alijua imetoka wapi. Kesho yake alimsubiri kuanzia saa tisa.

Mwishoni mwa mwezi ilikuja barua ya idara, yenye mhuri. Iliwapa pole na shukrani. Ilieleza kwamba bwawa lao sasa lina watu wawili, na lile la upande wa pili wa mji halina mtu. Muuguzi, kwa kuwa miguu yake bado ina nguvu, alipangiwa la huko, kila siku saa kumi na nusu.