Kitako Kipya cha Bibi Shabaha

Mjomba, fundi bunduki, aliyasema haya mbele ya mkewe, ili nisipate pa kujificha.

"Bunduki hii utaifunga kitako wewe mwenyewe. Ikipiga vizuri uwanjani, meza ya kazi ya dirishani ni yako. Isipopiga, kuanzia Jumatatu unakaa kaunta."

Mkewe, ambaye namwita mama, alikuwa anakwenda kumlea binti yake aliyejifungua mapacha. Angekaa huko miezi mitatu, na kaunta ingebaki tupu. Mimi kaunta naiogopa kuliko bunduki. Bunduki ukishaikagua ukaona haina risasi, haina tena la kukutisha. Mteja utamkaguaje? Ataingia, atakusalimu, atasubiri umjibu, kisha atakuegemea hapo mpaka jua lizame.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mstaafu, mpiga shabaha wa klabu. Karakana nzima tunamwita Bibi Shabaha. Ni bunduki ya zamani, ile ya kuvuta bolti, kile chuma kinachoingiza risasi, kwa mkono kila baada ya risasi moja. Chuma chake kilikuwa kizima, lakini kitako cha mbao kilishapasuka shingoni, na mvua zikianza kilivimba kikausukuma mtutu pembeni. Ndiyo maana alikuja na kitako kipya, cheusi, cha plastiki ngumu.

"Mama, hiki si kitako, hii ni ndoo," mjomba alimwambia.

"Ndoo haivimbi, fundi. Na Jumamosi nina mashindano. Yule jirani yangu akinishinda tena mwaka huu, mimi nahama mtaa."

Kuifungua aliifungua mjomba. Ana kawaida yake: bunduki ya mteja huifungua mteja akiona, na kifaa kikuukuu humkabidhi papo hapo, asije akadai kesho kwamba tumekiuza. Alivuta bolti, akachungulia ndani, akatia kidole kidogo kuhakikisha hamna kitu. Kisha akatoa skrubu mbili za chini na kuinua chuma chote. Bibi Shabaha akaondoka na mbao yake kwapani kama mtu aliyenunua mkate.

Alhamisi asubuhi nikaanza. Nililaza chuma ndani ya kitako kipya, nikapitisha ukanda wa karatasi kati ya mtutu na plastiki. Mtutu hautakiwi kugusa popote. Karatasi ikakwama karibu na ncha. Nikaviringisha msasa kwenye kijiti, nikasugua, nikapima, nikasugua tena, mpaka karatasi ikapita bila kukwaruza. Hapo nikaanza kujiona kwenye meza ya dirishani.

Nikakaza skrubu ya mbele. Sawa. Nikakaza ya nyuma, nikasukuma bolti. Ikafika katikati ikagoma. Nikalegeza ya nyuma nusu mzunguko, bolti ikateleza. Nikakaza, ikagoma.

Mjomba akaja, akajaribu mwenyewe, akacheka. "Si nilisema ni ndoo? Iache ilegee hivyo hivyo. Tia tone la gundi isizunguke. Bolti inakwenda, bibi atafurahi, na wewe umepata meza yako."

Maneno matamu hayo. Ningeitikia tu, yangekuwa yamekwisha. Lakini skrubu ikilegea, chuma kinacheza, na kikicheza, risasi ya tano haiendi ilikokwenda ya kwanza. Bibi angekwenda kuaibika mbele ya jirani yake kwa kazi ya mkono wangu.

Nikaitoa ile skrubu ya nyuma, nikaipeleka kwenye mwanga. Kichwani ilikuwa na kutu, kwenye nyuzi ilikuwa na kutu, lakini katikati ilikuwa safi, kama mkono uliovuliwa bangili ya miaka mingi. Nikaitumbukiza tena kwenye tundu la plastiki. Ikapwaya, ikaning'inia kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

Bibi Shabaha akaingia saa hiyo hiyo. "Mko salama? Iko tayari?"

"Tayari kabisa," akasema mjomba.

"Bado," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Neno lilikuwa limeshatoka, na halirudi.

"Kuna kibomba cha chuma, bibi. Skrubu hii ilikuwa imekivaa ndani ya mbao. Kinazuia skrubu isikazwe kupita kiasi ikavuta chuma na kukipinda. Kimebaki kwenye mbao yako. Tuliiangalia skrubu, tundu hatukuliangalia."

Mjomba akainama kuchungulia tundu. Aliyeitoa ile mbao ni yeye.

"Mbao?" akasema Bibi Shabaha. "Mwanangu, mbao nimeshaipigilia. Ndiyo komeo la banda la kuku."

Anakaa mtaa wa pili. Mjomba akabaki kuangalia duka, mimi nikachukua nyundo na msumari butu. Nililala kifudifudi mlangoni mwa banda, jogoo akiniimbia sikioni, nikagonga tundu la nyuma kutoka juu. Mara ya tatu kikadondoka: kibomba kifupi kuliko kidole gumba, cheusi kwa uchafu, rangi moja na mbao.

"Miaka thelathini nalala nacho chumba kimoja," alisema bibi, "na leo ndiyo tunafahamiana!"

Njia nzima ya kurudi aliniuliza maswali, nami nikamjibu yote, kwa sababu yalikuwa ya skrubu. Kibomba kilizidi unene wa plastiki kwa unene wa ukucha. Nikakipunguza kwa tupa, kidogo kidogo, nikikijaribisha kila mara. Nikakaza mbele. Nikakaza nyuma mpaka mwisho. Bolti ikaenda na kurudi kama droo mpya.

Jioni ile tukaenda uwanjani. Bibi akalala chini, akapiga risasi tano bila haraka. Tulipokaribia karatasi, matundu yote matano yangefunikwa na mdomo wa kikombe. Alinikumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi. Mjomba alijifanya anahesabu maganda.

Jumatatu mtu wa kaunta hakuwa amepatikana, kwa hiyo alikaa mjomba mwenyewe. Kabla ya saa nne alikuwa ameshagombana na wateja wawili. Wa tatu aliingia akitaka kujua kama kitako cha plastiki kinafaa bunduki ya zamani, na mjomba akapiga kelele:

"Binti! Njoo uongee na huyu!"

Dirisha lilikuwa wazi, skrubu zangu zimepangwa juu ya kitambaa.

"Nina kazi, mjomba," nikajibu, kwa sauti ambayo hata mteja aliisikia. "Mwambie aje huku kwenye meza yangu."