Kitanda cha Mama Mkwe

Kunguni ndio walioanzisha kesi. Paskalina, aliyekuwa akiishi kwa mkwewe Bujiku, alikitoa kitanda chake nje uani, akakimwagia maji ya moto, akakiacha juani, akaenda kisimani. Kurudi, uani peupe!

"Dalali wa mahakama amekibeba, mayu," akalia binti yake, Scolastika. "Ng'ombe wetu walikula pamba ya Mzee Salehe. Mahakama ikaamua Bujiku alipe, naye akawa analipa kwa mdomo. Jumamosi kinanadiwa!"

"Kwani kitanda changu kilikula pamba ya nani?"

Kitanda kile cha mninga marehemu mumewe alikichonga kwa mikono yake, na watoto wote walizaliwa juu yake. Paskalina akajifunga kanga mbili, akaenda Mahakama ya Mwanzo kuweka pingamizi.

"Shikamoo, mama. Risiti unayo?" akauliza hakimu.

"Marahaba, baba. Mume naye hutoa risiti?"

Watu wakacheka. Mzee Salehe akasimama. "Mheshimiwa, siku ya kukamata mali kila kitu huwa cha mkwe! Kuku wa mkwe, sufuria ya mkwe! Kilikutwa kwa Bujiku, ni cha Bujiku."

Hakimu, naye Msukuma wa Bugarama, akakuna kidevu, akakitazama kitanda kilicholetwa mbele yake kama kielelezo. "Bujiku, hebu kaa juu ya kitanda chako tukuone."

Bujiku alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, asitazamane na mama mkwe. Kwa mila ya Kisukuma, mkwe hakalii hata kigoda cha mama mkwe, sembuse kitanda!

"Mheshimiwa, nifunge tu."

"Kaa, nimesema!"

"Jela mtu hutoka. Hapo nikishakaa, nitatokaje?"

"Anaigiza huyo!" akapiga kelele Salehe, akamshika mkono amvute. Bujiku akachomoka, akaruka nje kupitia dirishani, akaacha katambuga moja la tairi sakafuni.

Hakimu alicheka mpaka akafuta machozi. "Kitanda kinaachiwa, ni cha mama. Mzee Salehe, katafute mali ya Bujiku mwenyewe. Waweza kuanza na hilo katambuga."

Paskalina akakaa juu ya kitanda chake, akatulia. "Ahsante, baba. Sasa nani atakibeba? Mkwe wangu mmemwona."

Hakimu akamtazama dalali, akamtazama Salehe. "Si hawa waliokileta?"

Basi wakakibeba, dalali mbele, Salehe nyuma, Paskalina akiwafuata taratibu kama bibi harusi. Hawajafika mbali, Salehe akaanza kujikuna shingo.

"Mama Scolastika, humu mna nini?"

"Hao wachukue tu, mzee wangu," akasema Paskalina. "Siwawekei pingamizi."