Chonge la Uwineza

Mjukuu wangu Uwineza ana miaka kumi na mitatu, na juu kushoto, kati ya meno ya mbele na magego, hana kitu. Pengo lenyewe punje ya hindi inalijaza. Lakini darasani wanamwita Mlango Wazi, naye amejifunza kucheka mkono ukiwa mdomoni, kama mtu anayekohoa.

Mama yake ni Benitha, binti yangu. Yeye ndiye aliyesema tusingoje tena. Tukaenda kwa daktari wa meno, huko Gihundwe, kwa miguu, Dominique wa miezi minane akiwa mgongoni mwa mama yake.

Daktari alikuwa kijana mpole, anaitwa Twagirayezu. Alipiga picha ya taya, akatuonyesha kwenye kompyuta.

"Angalia huku kulia, Maman," aliniambia. "Hii njo chonge. Ncha moja, muzizi moja, lakini muzizi murefu kupita ya meno yote. Inapanda mpaka karibu na pua. Njo maana bazee banabaki na chonge wakati meno ingine imeenda. Fungua nione."

Nikafungua.

"Si unaona? Zako zote ine ziko kazini."

Uwineza akacheka, mkono mdomoni.

"Sasa huku kushoto."

Kushoto kulikuwa mfupa mtupu, na kipande cheupe kimelala kama ukucha uliokatwa.

"Chonge ya ukubwa haingoje ukubwa," daktari alisema. "Inaanza kutengenezwa mutoto akiwa na miezi mine, mitano, nyuma ya ile ya utoto, zote mbili chini ya ufizi. Laini kabisa. Hapa muntu alichokoa. Nani alimutoa ibyinyo?"

Ibyinyo ndiyo haya: mtoto akiharisha na kushikwa na homa, unamfungua mdomo, unaona ufizi umevimba mahali pa chonge, mweupe. Tunasema hayo ni meno mabaya, yana wadudu, yasipotolewa yataua. Nyumbani kwa mume wangu watoto wote walitolewa. Mimi nilizaa watano. Waliopona watatu, tukasema dawa imefanya kazi. Waliokufa wawili, tukasema tulichelewa.

"Hakuna muntu," Benitha alijibu. "Nilikataza. Kwa kituo cha afya walitufundisha." Kisha akasema: "Jolie."

Jolie alikuwa yaya wa Uwineza wakati ule, msichana wa Mibirizi. Siku hizi anashona nguo huko kwao. Benitha alimpigia simu tukiwa bado kwenye ngazi za kutokea.

"Ulimufanya nini mutoto wangu, we Jolie? Sema tu. Daktari ameona."

Nilisikia sauti ya Jolie ikiapa, kisha ikilia. Watu husema nina uvumilivu. Nilivumilia kilio chake mpaka Benitha akamwita mchawi.

"Kata simu," nikasema. "Ni mimi."

Nilimweleza yote hapo hapo. Siku ile yeye Benitha alikuwa amevuka mpaka pale Rusizi I na nyanya zake za kuuza, kwenda Bukavu. Jolie nilimtuma maji. Mtoto alikuwa na miezi saba, anaharisha siku ya nne, macho yamezama. Mwanamke mmoja wa mlimani, mtoaji wa ibyinyo, alikuja na spoki ya baiskeli, akainoa kwenye jiwe la mlangoni, akaipitisha motoni. Mimi nilishika kichwa cha mtoto kati ya magoti. Alichokitoa alikiweka juu ya jani la mgomba: kidogo, cheupe, kama mchele uliolowa. Akasema, huyo ndiye mdudu. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

"Miaka kumi na mbili na zaidi," Benitha alisema. "Kila asubuhi unamusugulia meno. Hukuona?"

"La utoto halikuota, nikasema la ukubwa litaota."

"Na mie nikauliza. Mara ngapi nikauliza?"

"Mara nyingi."

Uwineza ndiye aliyenivuta kitenge. "Koko," akaniita, yaani bibi, "nililia?"

"Ulilia."

"Sana?"

"Mpaka sauti ikaisha."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa matokeo ya mtihani wake. Benitha akampigia Jolie tena kumwomba radhi. Jolie hakupokea.

Kesho yake Dominique akaamka anaharisha. Benitha alikuwa na mzigo wa kuvusha, na siku zote anaponiachia mtoto huniwekea uji kwenye thermos. Safari hii alichanganya maji na ile dawa ya unga ya kituo cha afya, akatia chupa kwenye mkoba wake, akamfunga mtoto mgongoni.

Nikanyoosha mikono. "Anaumwa. Kule ni jua na foleni. Niachie, atalala."

"Hapana, Mama."

"Hata mpaka saa sita?"

"Hata kidogo."

Alikaza fundo la kitenge, mtoto akalia, akaondoka naye. Mimi aliniachia ufunguo wa nyumba, na maharage ya kuchambua.