Mkono wa Tano

Ngumbao alikuwa karani wa wadi, huko ndani kupita Adu, na wakubwa walimsifu kwa mwandiko wake. Siku hiyo alipewa kazi nyepesi mno: kuhesabu mikono. Kaunti iliandaa siku ya utamaduni kule Malindi, na kila jamii ingepewa uwanja wake na kutangazwa kwa jina lake, mradi watu wazima watano wainue mikono kikaoni kusema wao ni wa jamii hiyo.

Wagiriama walipoinua, ukumbi mzima uliinua, hata kuhesabu ikawa kazi bure. Kisha akasimama Kadii, dada wa baba yake Ngumbao, tumbo moja. Alikuwa ametoka mbali, na hapo ukumbini hakuna aliyejua udugu wao.

"Na sisi Waata tuandikwe," akasema. "Miaka yote twachezeshwa nyuma ya wenzetu, kana kwamba hatuna jina."

Ikainuka mikono minne.

Wa tano ulikuwa umeshika kalamu. Baba yake Ngumbao alihamia Malindi akajipa jina la Kigiriama ili mwanawe asome kwa amani, maana shuleni mtoto wa Kiwaata alizomewa "Mlangulo", jina la kudharau kabila lao, mpaka akaikimbia shule. Jina hilo lilimpatia Ngumbao masomo, kazi na mke, na mkewe hadi leo hajui lolote. Basi mwanamume mzima, na ndevu zake zote, akashindwa kuinua mkono wake mwenyewe! Aibu ilimchoma hadi masikioni.

"Wangapi, karani?" akauliza Bi Zipporah, msimamizi wa wadi.

"Wanne, madam."

"Hebu hesabu tena, baba," Kadii akasema taratibu, akimtazama usoni.

Angeweza kumtaja palepale. Hakumtaja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Ngumbao. Akahesabu tena, mmoja mmoja.

"Wanne."

Bi Zipporah akaamua Waata wacheze ndani ya kundi la Wagiriama, kikao kikafungwa. Watu wakapanga foleni kutia sahihi orodha ya mahudhurio. Jina la juu kabisa lilikuwa la Ngumbao mwenyewe, na kwenye safu ya kabila ameandika "Mgiriama" kwa ule mwandiko wake mzuri.

Kadii hakujua kusoma. Ngumbao akamwandikia jina, kisha kalamu ikamgandia kwenye safu ya kabila.

"Shangazi," akanong'ona, "hapa niandike nini?"

"Andika kama ulivyojiandika wewe."

Kadii akachovya kidole gumba kwenye wino, akangoja.